Kibaba cha Mpagazi, Maziwa ya Moran

Neno posho limetembea sana. Leo ukilisikia mjini unafikiria bahasha ya semina, au wajumbe wanaobishana kuhusu malipo ya kikao. Ukivuka kwenda Uganda, posho ni ugali wenyewe. Lakini karne moja na nusu iliyopita, kwenye njia za misafara kati ya Bagamoyo na Ziwa Tanganyika, posho ilikuwa na maana moja tu: chakula cha siku cha mtu aliyebeba mzigo. Kipimo chake kilikuwa kibaba, kile kile cha haba na haba.

Nimeanza na maneno haya mawili kwa sababu kuna ubishi umeingia siku hizi kila penye vijana na vyuma. Vyuma vyenyewe aghalabu si vya dukani. Ni bomba lenye makopo mawili ya zege kwenye ncha. Ubishi ni huu: anayetaka nguvu aache ugali. Wanga unanenepesha, unalegeza, unaleta uvivu. Kula nyama, mayai, parachichi, mafuta. Mwili utajifunza kuchoma mafuta na misuli itatokeza. Wapo wanaoapa kwa jambo hili, na wapo wanaocheka na kuuliza babu zetu waliokata misitu kwa shoka walikula parachichi gani.

Swali ni zuri kuliko wanavyodhani wote wawili. Historia yake ni ndefu, na sehemu kubwa ya historia hiyo imepita hapa hapa kwetu, Afrika Mashariki. Imepita hata jirani na Litapunga.

Nchi ya mbung'o

Litapunga ni kata ya Halmashauri ya Nsimbo, mkoani Katavi, upande wa Mpanda. Mkoa wenyewe ni mchanga, umezaliwa 2012 kutoka Rukwa. Lakini nchi ni ya kale: misitu ya miombo, asali, wanyama wa porini, na mbung'o. Kwa maswali yetu ya leo mbung'o ni mhusika mkuu. Pale anapotawala, ng'ombe hufa kwa nagana, na binadamu huugua malale. Serikali ya kikoloni, miaka ya 1920 na 1930, iliwakusanya watu wa misitu ya magharibi mwa Tanganyika katika makazi ya pamoja ili kukwepa malale. Kwa hiyo kwa vizazi vingi watu wa huku, Wakonongo, Wabende, Wapimbwe na wenzao, hawakuwa na zizi kubwa la kutegemea. Walikuwa na jembe, mzinga, mtego na samaki. Sahani yao ilijaa nafaka, na baadaye mahindi na mihogo. Nyama ilikuja msitu ulipoitoa.

Kwa lugha ya leo tungesema walikula wanga mwingi. Je, walikuwa dhaifu?

Hapa inabidi kuwaita wapagazi. Karne ya 19 Wanyamwezi na majirani zao waliifanya kazi ya kubeba mizigo kuwa taaluma. Mzigo wa kawaida ulikaribia frasila mbili, yaani kama kilo 32. Mpagazi aliongeza juu yake vitu vyake mwenyewe: mkeka, chungu, silaha. Akatembea hivyo kilomita 15 au 20 kwa siku, miezi mitatu mfululizo, kutoka bara hadi pwani. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha 2006 kuhusu wapagazi hawa, anawaonyesha kama wafanyakazi wa ujira wenye desturi zao, heshima yao na uwezo wa kugoma. Mgomo mara nyingi ulihusu nini? Posho.

Sasa tupige hesabu kidogo. Kibaba kilikuwa ratili moja na nusu hivi, karibu gramu 700 za nafaka. Ukichukua thamani za kawaida za nafaka, hizo ni kama kalori 2,400, na ndani yake wanga unakaribia gramu 500. Kwa mwanaume wa kilo 60, hiyo ni gramu 8 hivi za wanga kwa kila kilo ya mwili wake. Kumbuka namba hiyo, tutaikuta tena huko mbele.

Lakini kalori 2,400 hazimtoshi mtu anayebeba kilo 32 kutwa nzima. Mpagazi alijua hilo bila kuhesabu. Ndiyo maana alinunua cha ziada njiani, na ndiyo maana nyama ilipopatikana hakuwa tayari kuiacha. Kisa kinachojulikana ni cha Oktoba 1871. Henry Morton Stanley, akimtafuta Livingstone, aliikwepa vita ya Mirambo kwa kuzunguka kusini, kupitia Ukonongo na Ukawendi, nchi ambayo sehemu yake kubwa leo tunaiita Katavi. Msafara ulipiga kambi kwenye Mto Gombe, penye wanyama tele. Siku chache watu wakala nyama. Stanley alipotoa amri ya kuondoka, wapagazi walikataa. Walitaka siku moja zaidi. Mambo yalifika hadi bunduki kuelekezwa. Stanley anakisimulia kisa hiki katika kitabu chake cha 1872 kama ushindi wake dhidi ya watu wakaidi. Ukikisoma kwa jicho la mpagazi unaona kitu kingine: watu wenye njaa ya protini, wanaojua kwamba mbele yao kuna siku nyingi za pori tupu. Na kweli, Stanley na Livingstone waliporudi kupitia njia hiyo mwanzoni mwa 1872, njaa iliwashika porini mpaka Stanley alipoua wanyama.

Kwa hiyo somo la kwanza la njia ya misafara lina pande mbili. Nafaka ilibeba pembe za ndovu mpaka baharini. Na waliobeba walijua kwamba nafaka peke yake haitoshi.

Mashine ya kupima mkono

Sasa tuhamie Kenya ya miaka ya 1920. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imewaswaga mamia ya maelfu ya watu kwenye jeshi la wabeba mizigo, lile Carrier Corps lililotuachia jina la Kariakoo. Makumi ya maelfu walikufa, wengi si kwa risasi bali kwa kuhara na homa. Unga wa mahindi uliosagwa vibaya na kupikwa haraka ulikuwa mmoja wa wauaji, hasa kwa watu waliozoea ndizi au viazi nyumbani kwao. Na kabla hata ya kufika vitani, wengi walikataliwa na madaktari kwa afya mbovu.

Hilo liliwasumbua watawala. Walowezi walitaka vibarua. Ikiwa kibarua ni dhaifu, kwa nini ni dhaifu? Hapo ndipo walipoingia watu wawili: John Boyd Orr, mtaalamu wa lishe kutoka taasisi ya Rowett, Aberdeen, na John Gilks, aliyeongoza idara ya tiba ya koloni la Kenya. Ripoti yao ilitoka 1931. Waliwalinganisha Wamasai, wenye maziwa, nyama na damu, na Wakikuyu, wenye nafaka, viazi na kunde. Waliwapima urefu na uzito, wakatazama meno na mifupa yao, kisha wakawapa dainamomita, kile kifaa cha kubana kwa mkono kinachosoma nguvu.

Matokeo yalikuwa ya kutikisa. Mwanaume wa Kimasai kwa wastani alimzidi wa Kikuyu inchi 5 kwa urefu na ratili 23 kwa uzito, sawa na sentimita 13 na kilo 10 hivi. Nguvu ya misuli, kwa kipimo cha kile kifaa, ilikuwa kubwa kwa asilimia 50.

Hebu fikiria namba hiyo mikononi mwa mtu anayetaka kushinda ubishi. Asilimia 50! Mnywa maziwa anambana mla ugali nusu zaidi. Ukitaka ushahidi wa kihistoria kwamba wanga unalegeza, hutapata mzuri kuliko huu. Orr mwenyewe alifika mbali: mwaka 1945 akawa mkurugenzi mkuu wa kwanza wa FAO, na 1949 akapata Tuzo ya Nobel ya Amani. Hakuwa mtu wa kubahatisha.

Ila ukiisoma ripoti polepole, inaanza kulegea kwenye viungo.

Kwanza, mtu mrefu na mzito hubana kwa nguvu zaidi, awe anakula nini. Sehemu ya ile asilimia 50 ni ya mwili wenyewe, na mwili hujengwa tangu tumboni mwa mama. Dainamomita inapima mkono wa leo. Haiwezi kukuambia kama nguvu ile imetoka kwenye chakula cha mwaka huu, cha utotoni, au kwa wazazi.

Pili, wale Wakikuyu walikuwa wanakula nini hasa, na kwa nini? Cynthia Brantley, mwanahistoria aliyeurudia utafiti huu katika makala ya 1997, alionyesha kwamba watafiti walirahisisha mno mlo wa pande zote mbili, na hawakuipa uzito hali ya kikoloni iliyowazunguka. Ardhi ilikuwa imechukuliwa. Wanaume walikuwa wamekwenda kwa walowezi. Mahindi yalikuwa yanasukuma nje uwele na wimbi. Sahani iliyopimwa haikuwa sahani ya mababu. Ilikuwa sahani ya watu waliobanwa.

Tatu, ripoti yenyewe iliona jambo la wanawake, na hapo ndipo penye utamu. Wanawake wa Kikuyu walikula majani mabichi zaidi kuliko wanaume, na pengo la afya kati yao na wanawake wa Kimasai lilikuwa dogo. Wanga wa wanawake na wa wanaume ulikuwa ule ule. Kilichotofautiana ni mboga, na madini yaliyomo ndani yake. Basi kama kuna mshitakiwa katika ripoti ile, ni upungufu wa vile vinavyopaswa kukaa kando ya ugali.

Lakini je, moran aliacha wanga?

Hapa wapenzi wa mlo wa mafuta huwa wanaruka mstari. Maziwa si nyama. Yana sukari yake, na lita 3 za maziwa ya ng'ombe zina gramu 140 hivi za sukari hiyo. Wanaofuata mlo mkali wa kupunguza wanga leo huambiwa wasizidi gramu 50 kwa siku. Kwa hesabu hiyo moran mwenye kibuyu chake angefukuzwa kundini asubuhi tu.

Ni kweli kuna olpul, kambi ya porini ambako morani hujitenga wakala nyama na supu ya mizizi na magome ili wapate nguvu. Lakini olpul ina siku zake. Msimu wa kiangazi, maziwa yanapokauka, Wamasai kwa miaka mingi walibadilishana mifugo na ngozi kwa nafaka za majirani zao wakulima. Na wanawake na watoto walikula mimea zaidi ya morani. Yaani, yule Mmasai wa vitabu vya lishe, asiyegusa chochote kilichoota ardhini, ni moran wa msimu mmoja aliyegeuzwa kuwa kabila zima.

Miaka ya 1960 alikuja George Mann wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, safari hii kwa Wamasai wa Tanganyika. Yeye alitafuta ugonjwa wa moyo kwa watu wanaokula mafuta mengi ya wanyama, na aliukuta kwa nadra sana. Aliwapandisha pia kwenye mashine ya kukimbilia, akawakuta na pumzi ya ajabu. Mwaka 1972 yeye na wenzake walitoa matokeo ya uchunguzi wa mioyo ya marehemu: mishipa ilikuwa na utando wa mafuta kama ya wazee wa Marekani, ila ilikuwa mipana. Mann aliwaza kwamba ni kutembea. Watu wale walitembea kila siku ya maisha yao, na mishipa ikatanuka. Kwa mara nyingine, chakula peke yake kilikataa kusimulia hadithi yote.

Ugali unarudi na medali

Wakati huo huo, huko Sweden, wanasayansi walikuwa wameanza kuchomoa vipande vidogo vya misuli kwa sindano na kuvichunguza. Mwaka 1967 Jonas Bergström na wenzake walionyesha kwamba wanga hugeuzwa glaikojeni, akiba iliyofichwa ndani ya msuli. Watu waliolishwa mafuta na protini siku chache kabla ya zoezi waliendesha baiskeli dakika 57 wakachoka kabisa. Waliokula mlo wa kawaida walifika 114. Waliokula wanga mwingi, 167.

Ushahidi mtamu zaidi ukatoka tena Afrika Mashariki. Mwaka 2004 Vincent Onywera na wenzake walitoa utafiti kuhusu chakula cha wakimbiaji hodari wa Kenya wakiwa kambini. Asilimia 76.5 ya nishati yao ilitoka kwenye wanga: ugali, chai yenye sukari nyingi, mkate, wali. Kwa kila kilo ya mwili walikula gramu 10.4 za wanga. Zile gramu 8 za mpagazi wa Unyamwezi unazikumbuka? Wako meza moja, wamepishana karne moja na nusu.

Mbio si vyuma, utaniambia, na uko sahihi. Kunyanyua mzigo mzito mara moja huchukua sekunde chache, na nishati ya sekunde hizo inatoka kwenye akiba nyingine ndani ya msuli, isiyohitaji sana glaikojeni. Ndiyo maana majaribio ya mlo wenye wanga mdogo kwa wanyanyuaji hayaonyeshi maafa. Mwaka 2012 kundi dogo la wanajimnastiki hodari wa Italia walikaa siku 30 kwenye mlo wa aina hiyo, chini ya Antonio Paoli: mafuta ya mwili yakapungua, nguvu ikabaki pale pale. Haikupungua, na wala haikuongezeka. Kazi ikirefuka, yaani seti nyingi, marudio mengi, pumzi fupi katikati, hapo glaikojeni inaanza kudaiwa. Na kwa mwendo mrefu wa kasi deni ni kubwa: mwaka 2017 Louise Burke wa Australia aliwapima watembeaji wa mashindano, na wale wa mlo wa mafuta walitumia oksijeni nyingi zaidi kwa kasi ile ile na hawakuvuna faida ya mazoezi yao kama wenzao.

Hata wataalamu wamegeuka geuka. Tim Noakes wa Afrika Kusini aliwafundisha wakimbiaji kula wanga kwa miaka mingi, kisha akageuka kabisa. Nchini kwake mlo wa kuacha wanga ukaitwa Banting, jina la William Banting, mfanya majeneza wa London aliyeandika kijitabu mwaka 1863 akisimulia alivyopungua unene kwa kuacha mkate, sukari na viazi. Ona tarehe hiyo. Wakati Banting anaacha mkate kwa kuwa amenenepa, mpagazi wa Tabora alikuwa anagombania kibaba kamili kwa kuwa ana njaa.

Anayeambiwa aache

Kwangu mimi hapo ndipo penye uzito wa jambo hili. Mlo wa kuacha wanga ulizaliwa kwa mtu mwenye chakula kingi. Unaweza kumfaa mtu kama yeye: mwenye kitambi, anayekaa kitini kutwa, mwenye fedha ya kununua nyama na mafuta kila siku. Wapo wenye kisukari waliopata nafuu kwa kupunguza wanga wakiwa chini ya daktari wao, na wanaotumia dawa wasijaribu bila yeye. Sina ugomvi na hao.

Ugomvi wangu ni na ushauri ule ule unapofika Litapunga bila kubadilishwa nguo. Mazoezi ya kijana wa huku hayaanzi kwenye makopo ya zege. Yanaanza shambani, kwa jembe na mavuno, na kupandisha gunia la kilo mia kwenye lori. Hiyo ni kazi ndefu, ya aina ile inayodai glaikojeni. Ukimwambia aache ugali unamwondolea mafuta ya taa ndani ya chemli, na badala yake unamwelekeza kwenye nyama ambayo bei yake kwa kilo ni mara nyingi ya bei ya unga.

Ila tusimdanganye upande wa pili pia. Ugali mkubwa na chumvi si lishe ya nguvu. Tafiti za wanyanyuaji zinakubaliana kwamba misuli inahitaji protini, na kwa anayefanya mazoezi makali faida inaonekana kuelekea gramu 1.6 kwa kilo ya mwili kwa siku. Hapo maharage, karanga, dagaa na maziwa vinaingia. Na historia imetusaidia. Tangu miaka ya 1970 Wasukuma wamehamia huku na ng'ombe wao, misitu ikafyekwa, mbung'o akarudi nyuma, plau ikaingia. Mabadiliko hayo yameleta migogoro yake ya ardhi, na msitu umelipa gharama. Lakini yameleta pia kitu ambacho mpagazi wa 1871 hakuwa nacho njiani: zizi na shamba katika kijiji kimoja. Kutoka ziwani kunakuja migebuka na dagaa. Wakimbizi wa Burundi waliofika Katumba baada ya 1972, ambao wengi wao ni raia leo, walilima mihogo, mahindi na maharage mpaka misitu ile ikageuka vijiji.

Orr na Gilks waliweka maziwa upande huu na nafaka upande ule, wakauliza nani mwenye nguvu. Wapagazi wa Mto Gombe wangewashangaa. Wao walikuwa wanadai vyote viwili, kibaba kwanza, na siku moja zaidi ya nyama. Walitishiwa bunduki kwa dai hilo. Mimi naona lilikuwa dai la haki, na hadi leo sijasoma utafiti unaolikanusha.